Mtoto Anayekawia Hajapotea

Katika mji wetu wa Bukavu, na nadhani ni vile vile Uvira, Goma na Kindu, mwanzoni mwa mwezi wa saba kuna siku moja ambayo wazazi huvaa nguo za misa na watoto hawalali usiku wake. Ni siku ya proklamasyo. Direktere anasimama mbele ya watu akishika karatasi, anaanza na wa kwanza: jina, pointi, makofi. Kisha anashuka. Kadiri anavyoshuka ndivyo makofi yanavyopungua, mpaka anafikia wale ambao majina yao yanasomwa mbio mbio sawa vile mtu anasoma madeni: anadubla, anadubla, aende shule ingine. Nyumbani, wa kwanza anachinjiwa kuku. Wa mwisho anaulizwa swali moja ambalo si swali: "Benzako biko na nini mu kichwa weye hauna?"

Naandika juu ya huyu wa mwisho. Na naandika katika kitabu hiki cha desturi, wala si katika gazeti la walimu, kwa sababu moja. Kila mara ninapomtetea, kuna mtu mzima anayenijibu kwa jina la desturi. Ananiambia kwamba wazee wetu hawakubembeleza watoto, kwamba aliyeshindwa alishindwa, kwamba ni wazungu na mashirika yao ndio walituletea mambo ya kumhurumia mzembe. Halafu anamalizia na "samaki mkunje angali mbichi", anaketi, na anafikiri amefunga mashauri.

Mimi nasema: hiyo si desturi yetu hata kidogo. Kupanga watoto kwa mstari kutoka wa kwanza hadi wa 53, na kuwatupa wale wa chini, ni desturi ya shule ya mkoloni. Shule ile ilitengenezwa ili itoe makarani wachache, wakatekista na wasaidizi, si ili ikuze kila mtoto. Ilifanya kazi yake vizuri sana ya kuchuja: mwaka 1960 tulipopata uhuru, Wakongo wenye diploma ya chuo kikuu hawakufika hamsini katika inchi nzima. Tumeurithi mchujo ule, tumeuvika nguo za koko zetu, na sasa tunauita mila.

Tuangalie basi mila yenyewe.

Wenye asili ya Mwenga, Shabunda na Pangi wanajua bwami. Bwami ya Warega ilikuwa shule kuliko shule zetu nyingi: ilikuwa na walimu, ilikuwa na masomo, ilikuwa na vyombo vya kufundishia, yaani zile sanamu na vinyago ambavyo leo vinakaa ndani ya vioo katika majumba ya Ulaya. Kila kitu kilikuwa na methali yake na mafundisho yake. Kwa wanaume kulikuwa ngazi tano: kongabulumbu, kansilembo, ngandu, yananio, na juu kabisa kindi. Je, nani alisema kwamba mtu lazima afike ngandu akiwa na miaka 25? Hapakuwa umri uliowekwa. Mtu aliingia wakati jamaa yake ilipoona amekomaa na ilipokuwa tayari kumsimamia. Wengine walipanda polepole, wakafika kindi wakiwa na mvi kichwa kizima. Wengi hawakufika kamwe, wakabaki ngazi za chini na wakaheshimiwa kama watu wa bwami. Kilichoangaliwa mbele ya yote ni tabia ya mtu na ginsi anavyoishi na wengine.

Ninajua nitakavyojibiwa: bwami ilidai mali, mbuzi na simbi, na aliyekuwa maskini alikawia juu ya umaskini wala si juu ya hekima ya wazee. Ni kweli. Sisemi bwami ilikuwa paradiso. Wala sisemi turudishe watoto porini kwa tohara ya bwali, na fimbo zake na vidonda vyake. Nasema tu kwamba yule anayetaja wazee ili ahalalishe mchujo anawasingizia. Hata katika kambi ya tohara, ambayo haikufanyika kila mwaka, waliingia pamoja vijana wakubwa na wadogo, na walitoka pamoja. Hakukuwa kijana aliyerudishwa kwa mamake na barua ya kusema kwamba amepata 43 kwa mia.

Kuna jambo lingine ambalo wasomi wenzangu wanalijua vizuri na wanalisahau. Sisi ambao tulisoma Kifaransa na fasihi ya Kiafrika pale ISP, tulifundishwa masimulizi mawili makubwa. Moja ni la kwetu kabisa, la Wanyanga wa upande wa Walikale: masimulizi ya Mwindo, ambayo mzee Candi Rureke aliyaimba na kuyasimulia mwaka 1956, yakaandikwa na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, yakatoka kitabu mwaka 1969. Mwindo alizaliwa anatembea, anasema, na fimbo yake mkononi. Lingine ni la Wamandinka wa Mali: Sunjata, ambalo Djibril Tamsir Niane alilitoa kwa Kifaransa mwaka 1960 na ambalo shule zetu zimelisoma sana. Huyu alifikia miaka saba angali anatambaa chini. Wanawake wa jumba la mfalme walimcheka mamake, Sogolon, kwa sababu hakuwa na mtoto wa kumchumia majani ya mbuyu. Siku alipoamka na kusimama, aling'oa mti mzima akauleta mlangoni pa mamake. Karibu mwaka 1235, kwenye vita ya Kirina, ni yeye aliyemshinda Sumanguru na kujenga ufalme wa Mali.

Wazazi wa leo wote wanataka kuzaa Mwindo. Hakuna anayetaka kuwa Sogolon. Lakini someni Mwindo mpaka mwisho, wapendwa! Yule mtoto aliyezaliwa anatembea alikuwa na majivuno. Alimuua joka ambalo lilikuwa rafiki ya Nkuba, yaani Radi, na Nkuba akamchukua juu mbinguni mwaka mzima. Huko alipigwa na baridi, na mvua, na jua, akafundishwa kuacha kujisifu, ndipo akarudishwa kutawala watu. Kwa maneno mengine, hata Mwindo alidubla. Alianza mbele ya wote, na somo lake alilipata nyuma. Wazee waliotunga haya walijua kwamba kuna mtoto wa mbio na kuna mtoto wa kukawia, na kwamba wote wawili wana kitu wasichokijua bado. Walijua jambo ambalo bulletini zetu hazijui.

Na mama zetu wa mashamba wanalijua pia. Maharagwe yanaiva kwa miezi mitatu. Mihogo inaomba mwaka mzima, kuna ile inayoomba zaidi. Kahawa haitoi kitu mpaka mwaka wa tatu au wa nne. Hakuna mama wa Kabare anayeng'oa mihogo yake kwa hasira juu maharagwe ya jirani yamekwisha kuvunwa. Lakini mama huyo huyo akifika shuleni anataka watoto wake wote watano waive tarehe moja.

Sasa niseme kinachotendeka kweli katika kalasi, juu watu wengi wanaongea bila kuingia humo.

Kwanza ni haraka ya wazazi. Umri wa kuingia primere ni miaka 6. Lakini kila mwezi wa tisa tunaletewa watoto wa miaka minne na nusu, mitano, na papa anaapa kwamba mtoto wake "iko na akili mingi" kwa sababu matenele walimfundisha kusema bonjour na kuimba alfabeti. Anaandikwa. Katika kalasi moja anaketi karibu na mwenzake mwenye miaka saba. Kwa mtu mzima miaka miwili si kitu, lakini kwa mtoto wa miaka mitano ni karibu nusu ya maisha yake. Vidole vyake havijashika kalamu vizuri, macho yake yanachoka, anasinzia saa nne. Mwisho wa mwaka anapimwa kwa kipimo kimoja na yule mkubwa, na anaitwa mzito. Hakuwa mzito: alikuwa mdogo! Walimu wa inchi nyingi wamekwisha kuona jambo hilo, kwamba wale waliozaliwa mwishoni mwa mwaka wa kuandikwa wanahesabiwa wajinga kuliko wengine, na ubaya wao ni tarehe ya kuzaliwa tu.

Kisha kuna kuruka. Mtoto wa ya tano primere anasukumwa afanye mtihani wa mwisho wa primere ili aokoe mwaka. Mwanafunzi ambaye amebakiza mwaka mmoja anaandikishwa kwa Egzeta kama otodidakti ili papa wake ajisifu kilabuni. Wengine wanapita, sikatai. Halafu wanafika chuo kikuu na miaka 16, na hawajui kusoma ukurasa mmoja wakaeleza umesema nini.

Hapa watu hupenda kunitajia Einstein, eti alishindwa hesabu utotoni. Huo ni uongo ambao umezeeka. Alikuwa hodari wa hesabu tangu mdogo. Ukweli wake ni mzuri zaidi kwetu. Mwaka 1895, akiwa na miaka 16, alijaribu kuingia chuo kikubwa cha Zurich miaka miwili mbele ya umri wa kawaida. Hesabu na fizikia alizifanya vizuri sana, masomo mengine yakamwangusha. Hawakumwita mpumbafu. Walimwambia aende amalize sekondari, akaenda Aarau mwaka mmoja, akaingia chuo mwaka 1896. Kwetu papa angetafuta nani wa kumpa kitu ili jina litoke kwenye orodha.

Pili, kuna lugha. Hapa ndipo roho inaniuma, juu ni kazi yangu. Sheria ya elimu ya tarehe 11 mwezi wa pili 2014 inakubali lugha zetu za taifa kama njia ya kufundishia. Lakini ingieni katika primere nyingi za mjini: mtoto anayesema Mashi na Kiswahili nyumbani anafundishwa hesabu kwa Kifaransa tangu siku ya kwanza, na akinyamaza anaandikiwa sifuri. Saa saba anarudi, anachukua beseni ya makala ya mama, anakaa barabarani. Muuzieni! Mpeni noti ya franka elfu tano kwa makala ya elfu moja na mia tano, mtaona ginsi atakavyowarudishia feza zenu bila kukosea, na bila karatasi. Huyo ndiye asubuhi hakujua kutoa 15 katika 50. Kilichokawia ni Kifaransa. Na Kifaransa kinakuja, kinataka miaka. Mtoto mmoja anakipata kwa miaka miwili kwa sababu kwao kuna televizyo na dada aliye chuoni, mwingine kwa miaka mitano kwa sababu kwao kuna kibatari.

Niliwahi kufundisha kijana mmoja katika ya pili sekondari, leo tungesema ya nane. Alikuwa mkimya, anaandika herufi kubwa kubwa sawa mtoto wa primere. Alidubla mara moja, akaanguka tena, na desturi ya shule ni kwamba hakuna wa kutripla, basi akatolewa. Akaenda kujifunza umeme kwa fundi mmoja wa kutengeneza gurupe. Baada ya miaka mitatu hivi alinifikia nyumbani jioni na kitabu cha mashine mkononi, kimeandikwa Kifaransa, akaniomba nimweleze ukurasa. Wiki iliyofuata akarudi na ukurasa mwingine. Baada ya miezi kadhaa alikuwa ananieleza mimi. Alirudi shule akiwa na miaka 20, katika sekondari ya ufundi, ameketi na watoto wa miaka 15 waliomwita "papa". Diploma yake aliipata na 54 kwa mia. Hajawa profesa wala mheshimiwa mbunge. Ni fundi umeme anayesoma kitabu cha mashine peke yake, anaandika mkataba wake peke yake, na amewaajiri vijana wawili. Lakini kati ya kutolewa kwake na kurudi kwake ni bahati tu iliyomshika. Wenzake waliotolewa mwaka ule ule, wengine wako katika mashimo ya dhahabu na koltani, na mmoja sitaki kusema alienda na nani porini.

Na huyo alikuwa kijana wa kiume. Msichana akidubla mara moja tu, mashauri ya nyumbani yanabadilika. Feza ya minervali ni kidogo, na papa anasema waziwazi: "Huyu tumuache, hana kichwa ya masomo, bwana atamuoa." Anamaliza masomo na miaka 14 kwa ajili ya pointi tatu za jografia. Kaka yake aliyedubla mara mbili bado anasomeshwa. Mnaita hiyo desturi? Tukae chini siku moja tuhesabu ni mama wangapi wa masoko yetu, wale wanaoendesha biashara ya magunia mia bila daftari, walikuwa "hawana kichwa".

Kuna jambo baya kuliko hayo, na kitabu cha mila hakiwezi kulinyamazia. Katika mitaa yetu mtoto anayekawia kusema, anayekojoa kitandani akiwa na miaka minane, anayeshindwa kusoma wakati wadogo zake wanasoma, anaweza kuitwa mchawi. Anapelekwa chumba cha maombi, ananyimwa chakula siku tatu ili pepo atoke. Nimewasikia wenye elimu ya chuo kikuu wakisema "mtoto amefungwa". Amefungwa na nani? Wamempima masikio? Wamempima macho? Nimekutana na zaidi ya mtoto mmoja "aliyefungwa" ambaye alifunguka siku alipoketishwa dawati la mbele, kumbe ubao hakuuona tangu ya kwanza. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009 inakataza kumshitaki mtoto uchawi, na inaweka kifungo kwa anayefanya hivyo. Wachungaji wanaijua sheria hiyo. Sisi tunaowasindikiza pia tunaijua.

Sasa niwajibu wenzangu walimu, maana na wao wana lao. Wananiambia: una watoto 60 mbele yako, tangu primere ya bure ya mwaka 2019 kuna kalasi zimepita 80, utamngojea nani? Programu inataka iishe, inspekta anataka iishe. Neno lao lina haki. Mwalimu ambaye hajalipwa sawasawa hawezi kuwa malaika. Lakini sijaomba malaika. Naomba tuache mambo ambayo hayagharimu kitu: kusoma majina ya walioanguka mbele ya umati, kuwaketisha nyuma "wazito" wote pamoja, kumwita mtoto kwa namba ya nafasi yake. Kuacha kutukana hakuombi mshahara wa nyongeza.

Wengine wananiambia: unatetea uzembe. Hapana. Mzembe namjua, nimewafundisha wengi. Anaweza na hataki, na huyo anahitaji mkono mgumu. Anayekawia ni mwingine: anataka na bado hawezi. Mwalimu anayeshindwa kuwatofautisha hawa wawili baada ya miezi mitatu, hajaangalia daftari zao. Daftari la mzembe limejaa picha za mpira, na la anayekawia limejaa masahihisho.

Hata ile methali ya samaki tuisome vizuri. Samaki anakunjwa mbichi ili aingie ndani ya chungu. Haijasemwa popote kwamba samaki wote wapikwe dakika moja, sambaza na kambale pamoja. Na kwa nini hatutaji ndugu yake, "kawia ufike"? Methali hiyo nayo ni ya wazee, au tulichagua wazee wa upande mmoja?

Zaidi ya hayo, inchi hii haina haki ya kumdharau aliyekawia, kwa sababu ni inchi yenyewe iliyomkawisha. Vita ya 1996, vita ya 1998, makundi ya porini miaka yote iliyofuata, na mwaka 2025 vita ilipoingia Goma kisha Bukavu, shule zikafungwa, watu wakatawanyika. Kuna watoto wa Kalehe na Shabunda wanaoshika kalamu mara ya kwanza na miaka kumi, kumi na mbili. Leta yenyewe inalijua, ndiyo maana kuna santre za ratrapaji ambamo miaka sita ya primere inafundishwa kwa mitatu. Ni kazi nzuri. Lakini pitieni karibu na mojawapo saa ya kutoka, sikieni watoto wa shule ya jirani wanavyowaimbia: "shule ya bazee". Hawakujifunza wimbo huo peke yao. Wameusikia nyumbani kwetu.

Nina ombi moja kwa shirika letu, na nitalileta kwenye kikao. Kila mwisho wa mwaka tunawapa zawadi watoto wa wanachama: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Daftari, sare, mara ingine minervali ya muhula mmoja. Karibu kila mwaka ni nyumba zile zile, zenye umeme na vitabu. Mwaka huu tuongeze zawadi ya nne, sawa kabisa na ya kwanza, kwa mtoto aliyetoka 31 kwa mia akafika 47. Najua wazee wawili watakaonyosha mkono kusema kwamba 47 si kufaulu. Wanyoshe. Nitakuwa na bulletini zote mbili mkononi, ya mwaka jana na ya mwaka huu, na nitawaomba wazisome kwa sauti.